Tulivyowasengenya Wanafunzi Huku Wakitusoma

Ninyi mnaoanza kufundisha chuo mwaka huu, niwaambie jambo ambalo hamtaambiwa siku ya kuripoti kazini: mwanafunzi akinyamaza mtandaoni, msidhani amelala. Anawasoma. Mimi nilisomwa wiki tatu nzima bila habari, na kama si tumbo langu na ndizi mbivu, ningestaafu bila kujua.

Nilifundisha elimu ya mimea katika tawi moja la chuo hapa Kisii hadi nilipostaafu. Jina langu Onsongo. Walioketi mbele yangu walijua kwamba nina sauti kubwa na kwamba sipendi mtu achelewe. Walioketi nyuma walijua mengine, lakini hayo tuyaache.

Zamani kazi yetu ilikuwa rahisi. Unaingia na chaki, unazungumza, wanaandika, unatoka umejaa vumbi hadi kwenye kope. Mwalimu aliyenilea katika kazi hii, mzee Nyambane, alikuwa na mchezo wake. Anaandika kosa ubaoni makusudi, halafu anatoa kitambaa, anafuta miwani yake polepole, hasemi kitu. Darasa linaanza kunong'ona. Mwisho mmoja anashindwa kuvumilia, anapaza sauti, "Mwalimu, hapo si hivyo!" Hapo ndipo somo linaanza. Alikuwa akiniambia, "Onsongo, wewe unajibu maswali ambayo hujaulizwa. Funga mdomo kidogo." Mimi nilicheka tu. Kufunga mdomo hakujawahi kuwa kipaji changu.

Basi yakaja masomo ya mtandaoni, juu ya yale ya darasani. Kila somo likapewa ukurasa wake wa majadiliano, na amri ikatoka juu: mwanafunzi ambaye hatachangia hata mara moja katika muhula mzima, jina lake liandikwe kwenye orodha, na mtihani hafanyi. Orodha yenyewe inaandikwa na mwalimu wa somo. Yaani mimi.

Nikafungua majadiliano yangu kwa mbwembwe. Nikauliza, "Eleza mambo yanayoathiri ukuaji wa mgomba." Jamani! Kimya. Siku ya tatu mmoja akaandika, "Asante Mwalimu." Wa pili akaandika, "Asante Mwalimu." Kufikia mwisho wa juma nilikuwa nimeshukuriwa kuliko mchungaji siku ya ubatizo, na kuhusu mgomba hakuna aliyesema neno.

Si mimi peke yangu. Bi. Zuhura, aliyekuwa akifundisha biashara ya mazao, alikuwa analia vilevile. Huyu Bi. Zuhura amezaliwa hapa mjini, familia yao wana duka la vitambaa karibu na msikiti, na Ekegusii anakizungumza kunishinda mimi wa kuzaliwa shambani. Ulimi wake una wembe. Ndiye aliyetoa wazo kwamba sisi walimu tuwe na ukurasa wetu kwenye mtambo uleule wa masomo, tujadiliane namna ya kuwafanya hawa watoto waseme. Mkuu wa idara yetu, Daktari Ombati, akakubali. Akanituma mimi niufungue.

Hapa ndipo nilipoharibu, na nisikilizeni vizuri kwa sababu kosa hili lina kabila. Mtambo uliniuliza, nani aruhusiwe kuingia? Kulikuwa na visanduku viwili: "Wahadhiri" na "Wote". Nikafikiria wale wenzetu wa vibarua wanaokuja siku mbili kwa wiki kutoka Masimba na Kenyenya. Je, mtambo unawahesabu kama wahadhiri? Mnajua watu wetu. Ukimsahau mtu mmoja kwenye mwaliko, atakununia, na watoto wake watakununia, na siku moja utaulizwa mbele ya watu kwa nini ulimdharau. Nikasema siwezi kujiletea hayo. Nikabonyeza "Wote", nikajipongeza kwa busara, nikaupa ukurasa jina: Sebule ya Walimu.

Weee! Sebule ilichangamka hiyo. Wenzetu ambao kwenye mikutano husinzia, huku waliandika kurasa. Mmoja alitaka wanafunzi walazimishwe kuwasha kamera. Mwingine akasema wapewe alama kwa kila sentensi, Bi. Zuhura akamuuliza kama na vituo tutavihesabu. Daktari Ombati yeye kila hoja alijibu neno moja: "Imepokelewa." Hata mtu alipotuma picha ya kuku wake wa kienyeji kwa bahati mbaya, Daktari aliandika, "Imepokelewa."

Na tukateta. Sitawaficha. Tulianza na mbinu za kufundisha, tukaishia kwa wanafunzi wenyewe, kwa majina. Mimi niliandika habari za tumbo langu, kwamba nikila ndizi mbivu asubuhi linanguruma darasani, na kwamba labda ndiyo sababu wale wa mbele hucheka. Watu wakanipa dawa za kila aina. Kisha siku moja, nikiwa na hasira kwa sababu ya zile "Asante Mwalimu", niliandika hivi: "Kuna mmoja anaitwa Nyaboke. Tangu muhula uanze hajaandika hata herufi moja. Huyu alikuja chuoni kusindikiza wenzake."

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, nikaenda kunywa chai.

Jumapili moja nikapita soko la Nyakoe kutafuta mboga. Nikamkuta Kemunto, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, yuko kibandani na mama yake. Nikasalimia, nikanyoosha mkono kuelekea kwenye chane moja ya ndizi, imeiva vizuri, ina madoa madoa. Kemunto akaisogeza mbali.

"Mwalimu, chukua mboga tu. Kesho una darasa la asubuhi."

"Na ndizi zimekukosea nini?"

"Si mimi, Mwalimu. Ni hilo tumbo." Halafu akajiziba mdomo na leso.

Mama yake alimtazama, mimi nikamtazama, na ndizi nazo nadhani zilimtazama. Habari za tumbo langu nilikuwa nimewaambia walimu tu.

"Kemunto," nikasema, "umeyatoa wapi?"

"Kule Sebuleni, Mwalimu." Alikuwa anaongea na viatu vyake. "Sisi wote huwa tunasoma. Ndiyo kitu cha kwanza tunafungua asubuhi."

Nikaanza kukumbuka yote tuliyoandika, moja baada ya jingine. Nikauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama ninayo, "Na Nyaboke?"

Kemunto akaacha kucheka. Bwenini alikuwa akikaa chumba kimoja na Nyaboke. "Alisoma, Mwalimu. Alifunga sanduku siku hiyohiyo. Yuko kwao Kenyenya, anasema harudi. Ati kama amekuja kusindikiza, basi sisi tumeshafika, yeye arudi kwao."

Niliondoka Nyakoe bila mboga na bila ndizi.

Bi. Zuhura nilimkuta dukani kwao akikunja vitambaa. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakalia robota la khanga. "Mwalimu! Mwaka mzima tunawatafuta wanafunzi, kumbe wamejaa sebuleni kwetu!" Kisha akatoa simu, akapekua hadi akagundua, akanionyesha kialama cha jicho chini ya kila andiko, ambacho mimi nilikuwa nadhani ni pambo. Ukikibonyeza, yanateremka majina ya waliosoma. Darasa langu lote lilikuwemo. Wale ambao hawakuwahi kujibu swali langu hata moja walikuwa wamesoma hadi ugomvi wetu kuhusu nani alivunja birika la ofisini. Na aliyesoma kwa bidii kuliko wote, kila andiko, kila siku, alikuwa Nyaboke. Tangu tulipoanza hadi lile andiko langu. Baada ya hapo, jina lake halikuonekana tena.

Bi. Zuhura aliacha kucheka alipoona hilo. "Orodha inatakiwa lini?"

"Ijumaa saa sita mchana."

"Na jina lake limo?"

"Nilimwandika wa kwanza," nikasema. Niliona haya, wanangu. Nilikuwa na mvi kichwa kizima, na niliona haya kama mtoto aliyekutwa amelamba sukari.

Nikasema nitaenda Kenyenya kesho yake, nikamtafute nyumbani, nimwombe msamaha. Bi. Zuhura akatikisa kichwa. "Uende? Baba yake atachinja kuku kwa sababu mwalimu wa chuo amekuja. Msichana ataleta maji ya kunawa, macho yakiwa chini, atasema 'ndiyo Mwalimu' mara tatu. Utarudi umeshiba na hujasikia neno. Umemtukana Sebuleni, muombe msamaha Sebuleni. Kemunto atamwambia afungue."

Daktari Ombati yeye, tulipompasulia habari Jumatatu, kwa mara ya kwanza hakusema "imepokelewa". Alisema, "Futa! Futa yote leo!" Tulimbembeleza. Bi. Zuhura akamwambia kwamba wanafunzi wamesoma tayari, na tukifuta watajua tumejua, na kwa mara ya kwanza chuo hiki kina ukurasa ambao wanafunzi wanaufungua kwa hiari yao. Akatupa muda hadi Ijumaa.

Siku hiyohiyo niliandika msamaha wangu. Nilisema, "Nilimwandika Nyaboke kwa dharau na nilikosea. Hakuna aliyenituma. Ninamwomba msamaha yeye na ninyi nyote mliosoma." Nikabonyeza jicho kila baada ya dakika chache. Majina yalimiminika. La Nyaboke halikuwemo. Na hakuna aliyejibu.

Sasa hebu niwafundishe kazi kidogo, maana si hadithi tu tulizokuja kupiga. Ukitaka watu waseme, usiulize "eleza mambo yanayoathiri". Hakuna binadamu anayeulizwa hivyo nyumbani kwake. Sema jambo linalomwasha mtu. Tukakumbuka ule mchezo wa mzee Nyambane, mimi na Bi. Zuhura, tukaamua kupigana hadharani. Jumanne nikaandika kwa kiburi chote kwamba ugonjwa wa mnyauko wa migomba unatibika: unamwaga majivu kwenye shina, na mgomba unapona. Uongo mtupu. Mnyauko hauna dawa. Unang'oa mgomba mgonjwa, unavunja lile ua la dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata, na panga lako unalipitisha motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kila mwanafunzi wangu alijua hivyo. Bi. Zuhura akanishukia: "Mwalimu Onsongo, majivu hayo yamekuingia machoni!" Nami nikamjibu kwamba mtu wa kuuza vitambaa ataniambia nini kuhusu migomba. Tulitukanana vizuri sana, mpaka mume wake akauliza kama kuna shida.

Nikakaa kimya, nikafuta miwani. Jicho likaonyesha darasa zima limesoma. Kemunto akaniambia baadaye kwamba bwenini walikuwa wakilia kwa kicheko. Lakini kuandika? Hapana. Hata mmoja.

Jumatano Bi. Zuhura akanijia ofisini amechoka. "Umewadanganya mchana kweupe na hawakukosoi. Wana nini hawa?"

"Bi. Zuhura, mimi ni rika la baba zao," nikamwambia. "Kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba anasema uongo. Kuna heshima pale, kuna haya. Hata kukaa naye kiti kimoja anafikiria."

"Na babu?"

"Ah, babu ni tofauti. Babu anataniwa. Mjukuu anaweza kumwambia babu kwamba meno yake ni ya kuazima, na babu atamwita mjukuu mume mwenza."

Bi. Zuhura alinitazama kichwani, kwenye mvi, akatabasamu kama mtu anayepunja kitambaa. "Sasa unangoja nini? Mvi unazo. Kuwa babu."

Nikasema haiwezekani, heshima yangu itaenda wapi. Akasema heshima yangu imekaa miaka yote na haijamfungua mtu mdomo. Halafu akasimama mlangoni mpaka nikaandika.

Niliandika hivi, nikichanganya na Ekegusii, ambako baba ni tata na babu ni sokoro: "Kuanzia leo, katika ukurasa huu, mimi si tata wenu. Mimi ni sokoro. Najua mnasoma. Mjukuu asiyemtania babu yake huyo hakulelewa. Karibuni."

Nikangoja dakika tano. Kisha mmoja akaandika, "Sokoro, majivu hayo uliyaota ukiwa umelala kwenye mkutano?" Wa pili: "Sokoro umetupanga. Mnyauko hauna dawa, na ulitufundisha mwenyewe mwaka wa pili. Ama ulikuwa mtu mwingine?" Wa tatu akaniuliza tumbo linaendeleaje. Wueh! Mlango ulivunjika. Wakanieleza mnyauko kwa undani ambao sikuwahi kuupata kwenye karatasi za mtihani: mashamba ya kwao, aina za ndizi zinazoshikwa haraka, nani alileta miche kutoka wapi. Bi. Zuhura akapelekwa hadi bei za sokoni. Aliyesema mimi ni muongo aliombwa ushahidi na mwenzake, akauleta. Nilitukanwa kwa mapenzi na nikafundishwa kwa wakati mmoja. Kila aliyeandika nilifuta jina lake kwenye orodha, maana amri ilisema achangie, haikusema ukurasa upi, na nilifuta nikicheka peke yangu.

Kufikia Alhamisi jioni orodha ilibaki na jina moja. Lile la kwanza.

Wenzangu waliniambia nilifute tu, nani atajua. Nilikaribia. Lakini nilijiuliza, nikilifuta kimyakimya, si ni kumwambia tena kwamba alikuja kusindikiza? Na sikuwa nataka awepo kwenye karatasi tu. Nilimtaka arudi. Hilo ndilo lililonikosesha raha, si orodha. Nilikuwa nimemtoa mtoto wa watu darasani kwa sentensi moja ya kuchekesha, na nilikuwa nastaafu mwaka uliofuata. Nafasi ya kulirekebisha mahali pengine haikuwepo.

Ijumaa asubuhi nilikaa ofisini na ile karatasi mbele yangu. Saa nne, hakuna. Saa tano, nikabonyeza jicho chini ya msamaha wangu, na kwenye mkia wa majina, likawepo: Nyaboke. Amesoma. Nikangoja. Daktari Ombati alipita mlangoni mara mbili akiangalia saa yake.

Saa sita kasoro robo, akaandika.

"Mwalimu Onsongo. Msamaha nimeupokea. Wengine wanakuita sokoro, mimi sitakuita hivyo. Babu ninaye nyumbani. Chuoni nilikuja kumtafuta mwalimu. Mwaka wa kwanza nilikuuliza swali darasani. Ulisema hili ni somo la mimea, si somo la matanga, na watu wakacheka. Tangu siku hiyo sikuandika wala sikusema, si kwa sababu sina la kusema. Swali sijajibiwa, kwa hiyo nalirudia. Kukiwa na matanga kwetu, kuna mzee mmoja ambaye kazi yake ni kukata mikungu na majani ya migomba ya kupikia waombolezaji. Anazunguka boma baada ya boma na panga moja. Hivyo ndivyo mnyauko ulivyoingia kwetu, na shamba la mama lilikwisha lote. Panga linatakiwa lisafishwe kila baada ya mgomba, hilo najua. Mzee huyo ni rika la baba yangu, na siku hiyo ni siku ya msiba. Ni nani atamwambia, na atamwambia vipi?"

Sikumbuki kumcheka. Naapa sikumbuki. Pengine nilikuwa na haraka, pengine niliona kicheko kitamu nikakichukua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba kwangu halikuwa hata jambo la kukumbuka.

Nikaanza kuandika jibu. Niliandika kuhusu moto, nikafuta. Nikaandika kuhusu kuchovya panga kwenye ndoo ya dawa ya kung'arishia nguo, nikafuta. Yote hayo alikuwa ameshayasema kwamba anayajua. Simu ikalia, ni Bi. Zuhura. "Mbona unaandika na kufuta? Kila mtu anaona unaandika. Darasa lako zima limekodoa macho hapo."

"Sina jibu," nikamwambia.

"Basi sema huna," akasema, akakata.

Miaka yote niliyofundisha, neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya wanafunzi. Nilizunguka, nilikohoa, niliwatuma maktaba, lakini kulisema, hapana. Niliandika, "Sijui, Nyaboke. Nimefundisha mnyauko miaka mingi na hili sijui."

Hakuna aliyetania. Hata Daktari hakupokea. Nikafuta jina la mwisho kwenye orodha. Kisha likaja jibu lake.

"Asante, Mwalimu. Jumatatu nitakuwa darasani. Njoo na nusu ya jibu, nami nitakuja na nusu."